Madarasa yameongezeka Kilolo, vitanda viko wapi?

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, sisi wajumbe watatu wa kamati ya msikiti tulishuka mteremko hadi sekondari ya kata yetu, huku upande wa milimani wa Wilaya ya Kilolo, kuitikia wito wa mkuu wa shule. Baridi ya Agosti haijatuachia, na wanafunzi tuliowakuta uwanjani walikuwa wamevuta mikono ya masweta hadi kwenye vidole. Tulidhani tumeitwa kwa jambo la kawaida: mchango wa mahindi ya chakula cha mchana, au habari ya vijana wetu wanaochelewa kurudi darasani siku ya Ijumaa. Mkuu wa shule hakuanza na lolote kati ya hayo. Alitutembeza kwanza.

Yalikuwepo mengi ya kufurahisha macho. Vyumba vipya vya madarasa vimekwisha pakwa chokaa, na viti na meza vimepangwa ndani tayari. Maabara, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kuta tupu zilizoota majani, sasa imeezekwa. Tangi la maji limesimama nyuma ya jiko. Mwalimu wa taaluma alituonyesha ratiba iliyobandikwa mlangoni: mahafali ya kidato cha nne yanakaribia, Novemba watahiniwa watakaa katika mtihani wa taifa, na kidato cha pili nao watafanya upimaji wao. Wapo miongoni mwetu wanaoikumbuka shule hii ikiwa na vyumba viwili tu na mwalimu mmoja akifundisha nusu ya masomo. Hatukuona haya kusema "Maashaallah" mbele ya walimu wasio wa dini yetu, nao walicheka pamoja nasi.

Kisha tukaketishwa ofisini, na mkuu wa shule akaandika mwaka mmoja kwenye karatasi, akaisukuma kwetu: 2028.

Inafaa tuifafanue hesabu hiyo, maana wazazi wengi tuliozungumza nao tangu siku ile hawajaisikia. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, elimu ya msingi itakuwa ya miaka 6 badala ya 7, na elimu ya lazima itafikia miaka 10, yaani hadi kidato cha nne. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na miongoni mwa walioanza nao ni darasa la tatu la mwaka ule. Watoto hao, ambao mwaka huu wa 2026 wako darasa la tano, watamaliza shule ya msingi wakiwa darasa la sita mwishoni mwa 2027. Kaka na dada zao waliowatangulia mwaka mmoja, walio darasa la sita hivi sasa, wanaendelea na utaratibu wa zamani. Nao watamaliza darasa la saba mwaka uleule wa 2027. Makundi mawili yatatoka pamoja, na Januari 2028 yote mawili yataingia kidato cha kwanza.

Kwa hiyo sekondari iliyozoea kupokea kundi moja itapokea mawili kwa siku moja. Tena, kwa kuwa elimu hiyo sasa ni ya lazima, hatutazamii kuona watoto wakibaki nyumbani kama zamani kwa sababu ya kutochaguliwa.

Mkuu wa shule alisema madarasa hayamtii hofu sana. Madarasa serikali inajenga, na wananchi wamezoea kuchanga. Kilichomfanya aite viongozi wa misikiti na makanisa ni swali jingine: watoto hawa watalala wapi?

Msomaji asiyeijua Kilolo anaweza kushangaa kwa nini shule ya kutwa iulizwe habari za malazi. Wilaya hii, iliyomegwa kutoka Iringa Vijijini mwaka 2002, ni kama nchi mbili. Kuna upande wa barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, kuanzia Ilula ya nyanya hadi kushuka Ruaha Mbuyuni ya vitunguu, ambako joto lipo, magari yapo na misikiti imekaribiana. Na kuna upande wetu wa juu, kuelekea safu ya Udzungwa, wenye mianzi, misitu ya kupandwa, chai na viazi, ambako kijiji kimoja hutazamana na kingine ng'ambo ya bonde na bado mtu akatembea nusu ya siku kufika. Masika yakianza, njia zinateleza kiasi kwamba hata bodaboda huegeshwa. Kata ni moja, sekondari ni moja, na mtoto wa kitongoji cha mwisho hawezi kwenda na kurudi kila siku akabaki na nguvu ya kusoma.

Shule za kata zenyewe zilitokana na nia njema ya kuondoa umbali mkubwa zaidi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kupata sekondari lilikuwa jambo la wachache. Hapa wilayani, shule za Kilutheri kama Pommern na Image zimelea vijana wengi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, na msukumo wa kila kata kuwa na sekondari yake ulipopamba moto mwaka 2006 chini ya Waziri Mkuu Edward Lowassa, wazee wetu walibeba mawe na mchanga kichwani. Nchi nzima, shule za sekondari zilizokuwa chini ya 1,800 mwaka 2005 zilivuka 4,000 kufikia mwaka 2010. Januari 2016 ada ya shule za kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka, ikaondolewa. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, yakajengwa madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari, kila kimoja kwa shilingi milioni 20. Ukizitazama juhudi hizi zote utaona kitu kimoja: karibu kila mara kinachohesabiwa ni chumba cha darasa. Kitanda hakihesabiwi.

Pengo hilo limezaa geto. Wazazi wa mjini hulisikia neno hili kama mzaha wa vijana, lakini huku kwetu ni mpango rasmi wa familia. Mzazi anatafuta chumba karibu na shule, mara nyingi cha tofali mbichi na sakafu ya udongo. Wenye nyumba wengine hupokea kodi kwa mahindi badala ya fedha. Watoto wawili au watatu wanawekwa humo na godoro, sufuria, galoni ya maji, debe la unga na maharage ya wiki mbili. Jumamosi wanapanda mlima kurudi nyumbani kuchukua chakula kingine. Kati ya Jumatatu na Ijumaa hakuna mtu mzima anayejua wamelala saa ngapi, wala nani amebisha hodi.

Msimu wa mvua ndio msimu wa ulanzi. Mianzi inagemwa asubuhi na jioni, na vilabu havina uzio. Kijana anayetoka shuleni na njaa hupewa kikombe cha togwa ya mianzi ambayo bado tamu, akaambiwa si pombe; baada ya muhula mmoja anakunywa ile iliyolala. Hatusemi haya kuwasema vibaya majirani zetu wanaoishi kwa kugema. Tunasema kwa sababu tumewazika vijana, wa dini zote.

Na kwa binti habari ni nzito zaidi. Mwezi uliopita mama mmoja alitujia baada ya darasa la akina mama. Tulimwamkia "Kamwene, mama," akaitika, kisha akakaa kimya muda mrefu. Binti yake mkubwa alipanga geto, akapata ujauzito akiwa kidato cha pili. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito kurudi shuleni, na binti huyu angeweza kurudi. Hakurudi. Alichukuliwa kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, kama wanavyochukuliwa wasichana wengi wa Iringa. Mdogo wake yuko darasa la tano sasa.

"Ustadh," alituambia, "huyu mdogo mimi simpeleki geto. Bora akae nyumbani hata wakinifunga."

Tulimjibu kwa maneno ya kumtuliza ambayo hatukuyaamini sana wenyewe. Mdogo huyo ni mmoja wa wale watakaomaliza darasa la sita. Atakuwa na umri wa miaka 12 hivi Januari ile. Tukiwaacha nyuma wale wa darasa la saba, hili ndilo kundi la kwanza la watoto wadogo kiasi hicho kuingia sekondari kwa wingi, na mpango pekee tulio nao kwa walio mbali ni kuwapangisha chumba cha udongo wajipikie.

Kuna jambo jingine ambalo mkuu wa shule hakulijua, tukamwongezea. Kwa hesabu ya miezi, Ramadhani ya mwaka huo itaandama mwishoni mwa Januari, takriban tarehe 28, majaliwa ya mwandamo. Watoto wetu wa kidato cha kwanza watakuwa na wiki chache tu shuleni. Nani atawaamsha daku? Watafuturu nini, ikiwa kuni zimelowa na wamerudi kutoka darasani jua likizama? Mwalimu aliandika tarehe ile pembeni ya karatasi yake. Tuliona amelichukulia jambo hilo kwa uzito kuliko baadhi yetu.

Usiku wa Jumamosi kamati ilikaa. Tunalieleza kwa urefu lililojiri kwa sababu misikiti mingine ya nyanda za juu italikabili jambo hilihili.

Msikiti wetu una akiba ya ujenzi wa mnara, iliyokusanywa kidogokidogo kwa miaka. Mjumbe mmoja kijana alisimama akasema mnara usubiri, fedha zote ziende bwenini. Watu wengi walitikisa vichwa kumkubali. Mzee mmoja, mgumu wa maneno lakini ambaye hajawahi kukosa swala ya alfajiri kwa baridi yoyote, alipinga: "Mimi nilitoa kwa ajili ya mnara. Kama ni bweni, niombeni upya." Vijana waliguna. Sisi, tulioketi chuo cha Kiislamu kwa miaka kadhaa, ilitubidi tuseme kwamba mzee yuko sahihi. Aliyetoa mali yake kwa shabaha maalumu amefunga shabaha hiyo. Kamati ni mwakilishi wake, haina mamlaka ya kuigeuza nia yake kwa kupiga kura, hata kama jambo jipya ni bora.

Tulifungua daftari la michango ukurasa kwa ukurasa. Waliopo tuliwaita mmoja mmoja kuulizwa, na wengi wameridhia sehemu yao ihamie kwa watoto. Mzee yule naye, alipoombwa, aliridhia nusu. Michango ya waliokwisha fariki tuliiacha palepale, kwa ajili ya mnara. Kilichobaki si kingi. Lakini ni halali, na hakuna atakayesimama siku ya mwisho kutudai.

Suala la zaka nalo liliulizwa. Jamhuri ya wanazuoni hawaoni kuwa zaka hutumika kujengea majengo, kwa kuwa inapaswa kumilikishwa anayestahiki. Ila mtoto wa fakiri anaweza kupewa zaka akanunua godoro, sare na chakula chake. Wenye mashamba ya mahindi waliokuwa wakiigawa zaka yao bila mpangilio wakati wa mavuno wanaweza kuwaanza watoto hao.

Ipo pia nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya msikiti, wakfu wa mfanyabiashara mmoja wa zamani, ambayo leo inahifadhi majembe na jeneza. Hati haipo. Wazee wawili wanaokumbuka siku ilipotolewa wanatofautiana: mmoja anasema ilitolewa kwa wageni, mwingine kwa wanafunzi. Walibishana hadi kahawa ikaisha. Mwishowe wote wawili walikubali kwamba mtoto aliyetoka kitongoji cha mbali kuja kusoma ni mgeni na ni mwanafunzi.

Hapo baadhi yetu walitaka watoto wahamie hata mwezi ujao. Tuliwazuia, na sababu yake haiko mbali na hapa. Agosti 2009, katika Sekondari ya Idodi, mkoani kwetu, moto uliwaka bwenini usiku na wasichana 12 wakafariki. Ilielezwa kuwa ulianzia kwenye mshumaa. Septemba 2020, katika shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, bweni liliungua na watoto 10 wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Vitanda ndani ya chumba havijalifanya bweni. Linahitaji mlango wa pili unaofunguka kwa nje, madirisha ambayo nondo zake hazigeuki kuwa mtego, taa isiyo ya moto, choo kinachofikika usiku, na mtu mzima anayelala hapo kila siku. Nyumba yetu ya wakfu kwa sasa ina mlango mmoja. Fundi amekwisha pima pa kutoboa wa pili, na maofisa wa elimu watakaguzwa kabla ya mtoto yeyote kuingiza godoro.

Nyumba hiyo itatosha wasichana wachache tu. Bweni lenyewe litajengwa katika eneo la shule, kwa wasichana wa kata nzima, na hapo ndipo tulipopata upinzani mkali kuliko ule wa mnara. Baadhi ya waumini walisema hatuwezi kuchangia jengo watakalolala watoto wa dini nyingine pamoja na wetu. Tukawakumbusha habari ya mateka wa Badri, mwaka wa pili wa Hijra: waliokuwa hawana fidia lakini wanajua kuandika, Mtume (s.a.w.) alikubali kila mmoja wao afundishe watoto 10 wa Madina ndipo awe huru. Walimu wale walikuwa washirikina, tena walikuja kupigana. Majirani zetu hawa wamekuja na mchanga. Mchungaji wa usharika wa karibu ametangulia kuahidi mbao, na parokia imetoa gari la kusombea mawe. Sharti letu moja tulilipeleka kwenye bodi ya shule likapokelewa bila mjadala: watoto wetu wawe na pa kuswalia, na jiko liwe na utaratibu wa daku na futari mwezi wa Ramadhani.

Tumeulizwa pia kuhusu somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu. Kipindi cha dini kipo kwenye ratiba, na tangu Julai katibu na ustadhi mmoja wanashuka kufundisha. Kidato cha tatu wanaotaka kulifanyia mtihani wa taifa wajitayarishe mapema, kwa kuwa usajili wa watahiniwa hufanyika mwanzoni mwa mwaka. Wazazi waambiwe ukweli: katika kuchaguliwa kwenda kidato cha tano, alama zinazotazamwa ni za masomo yasiyo ya dini. Mtoto asisajiliwe somo hili kwa kudhani litamfidia hisabati. Alisome kwa sababu ni dini yake.

Mkutano wa wazazi wote utafanyika shuleni wiki mbili baada ya mahafali ya kidato cha nne. Tarehe itatangazwa misikitini na makanisani siku moja. Ajenda ni moja tu, bweni la wasichana, na ramani yake itakuwa imebandikwa ukutani ili kila mtu aone milango iko mingapi. Tofali za kuchoma zianze kufyatuliwa kabla ya mvua za Novemba. Tanuru la kwanza litawashwa kwenye kiwanja cha chini ya shule, na akina baba wa vitongoji vya mbali wanaombwa kuja na kuni.

Yule mama wa mabinti wawili alikuja tena juzi. Hakuwa na fedha. Aliuliza kama matroni amepatikana, tukamwambia bado. Akasema yeye ana uwezo wa kulala popote, na kwamba anajua kuamka usiku. Jina lake tumelipeleka kwenye bodi.

Daftari la watoto liko kwa katibu kila Ijumaa baada ya swala, na Jumapili baada ya alasiri. Kila mzazi mwenye mtoto wa darasa la tano au la sita aje aandikishe jina la mtoto, umri, kitongoji, na muda anaoutumia kutembea hadi sekondari. Asiye na cha kuchangia aje vilevile. Idadi hiyo ndiyo itakayotuambia tunahitaji vitanda vingapi.